Mwaka ambao dhahabu ilipanda bila faida kwa Mkenya

Tangu bei ya dhahabu ivuke dola 4,000 kwa aunsi mnamo Oktoba 2025, ushauri kwenye vyama vya akiba na magrupu ya WhatsApp jijini Nairobi umekuwa ni mmoja: shilingi ni karatasi, nunua dhahabu. Wanaosema hivyo wana hoja. Shilingi ya Kenya ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ilikuwa kama shilingi 7. Sasa ni 129 hivi. Tena noti yenyewe inaweza kufutwa. Aliyechelewa na noti za zamani za 1,000 hadi Oktoba 2019 alibaki na makaratasi.

Kasoro ni kwamba hesabu yao ni ya dola, ilhali karo, kodi ya nyumba na unga tunalipia shilingi. Tazama mwaka 2024. Mwezi Januari aunsi moja, yaani gramu 31.1, ilikuwa dola 2,030 hivi, na dola ilikuwa imefika shilingi 160. Hizo ni takriban shilingi 325,000. Kufikia mwisho wa Agosti dhahabu ilikuwa dola 2,500 na vyombo vya habari vinaimba rekodi. Lakini shilingi nayo ilikuwa imejikaza, dola ikawa 129. Ukizidisha unapata 322,500. Rekodi ya dunia, na Mkenya hajaongeza hata senti! Aliyekimbilia dola taslimu Januari ndiye aliyeumia kabisa, akapoteza karibu moja ya tano. Aliyeikopesha serikali shilingi zake kwa hati za siku 91 alikuwa akipata riba ya karibu asilimia 16 kwa mwaka, kabla ya kodi.

Baadaye mambo yaligeuka. Shilingi ilitulia palepale, riba ya hati hizo ikashuka hadi karibu asilimia 8, na dhahabu ikazidi kupaa. Kwa dola 4,000, aunsi ile ni shilingi zaidi ya 500,000. Kwa hiyo siwezi kusema dhahabu ni porojo. Ninachopinga ni kuiita salama kana kwamba haishuki. Aliyeinunua Januari 1980 kwa dola 850 alisubiri hadi 2008 kuiona bei hiyo tena, na katikati hapo ilishuka hadi karibu dola 250.

Halafu kuna suala la kuinunua hapa Nairobi. Wengi wakisema dhahabu wanamaanisha bangili ya Eastleigh. Dukani unalipia gramu, unalipia ufundi, na muuzaji anaweka faida yake. Siku ya shida ukiirudisha, sonara anaisugua kwenye jiwe, anadondosha tindikali kuona ni karati ngapi, yaani usafi wake, anang'oa vito, kisha anapima dhahabu tupu. Ufundi ulioulipia hauhesabiwi, na bei ya kununua kwake iko chini ya ile ya kuuza. Akina mama wanaovaa akiba yao wanalijua hili vizuri. Kwao bangili ni pambo, ni mahari na ni bima kwa pamoja, na kwa hesabu hiyo inalipa. Kwa anayewekeza tu hailipi haraka.

Ukisikia dhahabu ya bei nafuu iliyohifadhiwa katika nyumba fulani Kilimani, kimbia. Nchi hii iliwahi kulipa mabilioni kama fidia ya kuuza nje dhahabu ambayo kwa sehemu kubwa haikuwepo, kashfa ya Goldenberg ya miaka ya 90, na shilingi ndiyo iliyobeba mzigo.

Njia safi zaidi ni hisa za mfuko wa dhahabu ulioorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi tangu 2017. Unanunua kupitia dalali, huna haja ya sefu. Tatizo lake ni kwamba wanunuzi ni wachache, hivyo huenda ukakaa siku kadhaa ukisubiri mtu wa kukuuzia au wa kuzichukua. Pesa ya karo ya muhula ujao haifai kuwa humo. Ya miaka kumi ijayo, sehemu yake ndogo, sina pingamizi.