Mbona Askari wa Nyota Hawatoki Jasho?

Nyuki mmoja akishaingia ndani ya wavu wa kofia yako, lile vazi jeupe la kurinia asali lote linakuwa upuuzi. Umefunga zipu hadi shingoni, glavu zimefika kwenye viwiko, suruali umeichomekea kwenye gambuti, na adui yuko ndani, vidole viwili kutoka kwenye jicho. Kumpiga huwezi. Kuvua huwezi, maana nje wapo wenzake maelfu na wameshakasirika. Siku ile kule Sikonge niliokolewa na baba yangu mdogo. Alinivuta pembeni kama hatua thelathini, akanifukizia moshi mwili mzima, akafungua zipu yeye mwenyewe, akamtoa yule nyuki kwa ncha za vidole. Kisha akanizungusha na kunikagua mgongo.

"Huku nyuma hukufunga vizuri, mwanangu. Huku mtu hajioni. Ndiyo maana tunakuja wawili."

Ilikuwa Oktoba. Wanaoijua Oktoba ya Tabora hawahitaji maelezo: miyombo imeshatoa majani mapya mekundu lakini kivuli chake bado hakijawa kivuli, na ardhi inachoma hadi kupitia soli ya kiatu. Nilikuwa nimelowa kama niliyevuka mto. Nikakaa chini, nikanywa maji nusu dumu, na katika kutweta kwangu nikawakumbuka wale askari wa nyota wa kwenye hadithi za kubuni na michezo ya kompyuta, ninaowapenda tangu utotoni.

Unawajua. Kikosi maalumu, watu wanne au sita waliochujwa kutoka maelfu, wanashushwa kwenye sayari ya mbali kufanya kazi ambayo jeshi zima limeshindwa. Mwandishi akifika kwenye deraa zao, yale mavazi ya chuma ya vitani, kalamu inaingiwa wazimu. Kurasa tatu za sahani za kauri, ngao za nishati, kofia zinazoona gizani, bunduki zenye majina marefu kuliko ya watawala wa zamani. Halafu watu hao wanakimbia jangwani siku nzima wamefungwa kuanzia utosini hadi unyayoni, na hakuna hata mmoja anayesema, "Jamani, naona kizunguzungu."

Msimamo wangu ni huu, na nimeshagombana na marafiki kwa ajili yake: deraa ya kubuni isiyonijibu joto linapitia wapi kutoka nje ni vazi la harusi. Inapendeza, tupige picha, tuendelee.

Tufanye hesabu kidogo, haiumi. Mtu aliyekaa tu anatoa joto la wati 100 hivi, sawa na ile balbu ya zamani watu waliyokuwa wakiwawashia vifaranga. Mtwishe mzigo, mpandishe kilima kwa haraka, atafika wati 500 na kuzidi. Feni yetu ni jasho: lita moja ikikaukia kwenye ngozi inaondoka na joto la takriban wati-saa 670. Lakini lazima ikaukie hapo. Jasho lililochuruzika hadi kwenye gambuti limekupotezea maji bure. Sasa mchukue mtu wa kilo 70, mfungie ndani ya deraa isiyopitisha hewa wala joto, mwambie akimbie. Kila dakika nane mwili wake unapanda nyuzi moja. Kutoka 37 hadi 40 ni kama dakika 25. Kikosi kimetua saa mbili kamili asubuhi; saa mbili na nusu kiongozi wake anaongea na marehemu bibi yake.

Na hapo mota za deraa sijaziwasha. Tuseme zinakula kilowati 3, ambazo hazifiki nusu ya nguvu ya bodaboda. Zamu ya saa nane inadai kilowati-saa 24. Kwa betri nzuri za lithiamu tulizonazo leo, za wati-saa 250 kwa kilo, askari anabeba karibu kilo 100 za betri, na umeme huo wote, ukishafanya kazi yake, sehemu kubwa unaishia kuwa joto lilelile tunalolikimbia.

Najua jibu la mashabiki: "Hiyo ni teknolojia ya baadaye, kaka." Sawa, betri nakupa. Betri zitakuwa ndogo, nitanyamaza. Lakini joto halimalizwi na teknolojia, linahamishwa tu. Friji ya dukani inapoza soda kwa kuuchemsha mgongo wake. Weka mkono nyuma uone. Deraa nayo lazima iwe na mgongo unaochemka, na mgongo unaochemka unaonekana kwa kamera ya joto kutoka kilomita kadhaa. Hapo ndipo hadithi ingenoga! Mdunguaji amejificha saa sita kwenye majabali, yuko kimya kama jiwe, lakini amebakiwa na dakika kumi kabla ya kuchagua: awashe kipozeo aonekane, au avumilie azimie. Kwa nini hakuna anayeniandikia hiyo? Badala yake napewa bunduki nyingine.

Wanaovaa deraa ya kweli ya anga wanalijua tatizo hili miaka mingi. Chini ya vazi la mwanaanga anayetoka nje ya chombo kuna fulana na suruali iliyoshonewa mirija myembamba, jumla yake mita 90 hivi, yenye maji yanayozunguka yakikusanya joto la mwili. Maji hayo yanapita kwenye kifaa kinachotoa maji mengine kidogo kidogo nje, yanaganda kuwa barafu, na barafu inageuka mvuke moja kwa moja kwa sababu nje hakuna hewa. Mvuke unaondoka na joto. Ni ufundi wa kukuvua kofia, lakini una sharti: utupu. Kwenye sayari yenye hewa kama ya Sikonge, kifaa hicho hakikusaidii, na sayari zote ambazo vikosi vyetu vinashuka zina hewa, miti na machweo mazuri.

Sisemi kwamba wote wanakosea. Kweli, deraa ya MJOLNIR ya kwenye michezo ya kompyuta ya Halo ina uzito wa karibu nusu tani, na kila nikiikumbuka nawaza yale madaraja yetu ya magogo ya kuvukia vijito masika. Mwokozi wa binadamu angeishia kiunoni kwenye tope akisubiri trekta. Lakini Star Wars: Republic Commando, mchezo wa mwaka 2005, naupenda mpaka leo, na si kwa sababu ya ukali wa silaha. Unacheza kama Boss, kiongozi wa kikosi cha Delta, una wenzako watatu: Scorch wa milipuko, Fixer wa kompyuta, Sev wa kudungua. Dunia nzima unaiona kutoka ndani ya kofia. Kioo kikichafuka, mwale wa umeme unapita kukisafisha. Kitu kidogo sana, na yeyote aliyewahi kufungua mzinga huku jasho linaingia machoni na mikono imevaa glavu zenye asali atakwambia hicho ndicho kifaa bora kuliko vyote mle ndani. Bunduki yao ni moja yenye kazi tatu: unabadilisha sehemu ya mbele, inakuwa ya kawaida, ya kudungua au ya kubomoa magari. Aliyebuni hiyo aliwahi kubeba mzigo, au alimsikiliza aliyewahi. Na ukianguka, mwenzako anaweza kuja kukuinua. Mgongo wako unakaguliwa na mtu mwingine. Baba mdogo angewaelewa Delta bila kutafsiriwa.

Marekani walijaribu kuvivusha vitu hivi kutoka kwenye skrini. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ilianza kuunda mashine ya kuvaa iitwayo Hardiman, yenye uzito wa kilo 680 hivi. Walipojaribu kuiendesha nzima ilirukaruka bila kudhibitiwa, wakabaki na mkono mmoja unaofanya kazi. Mwaka 2013 kamandi ya vikosi maalumu vyao ikatangaza mradi wa TALOS, deraa kamili yenye mota, vipozeo na kompyuta. Mwaka 2019 ukafungwa bila deraa hiyo kupatikana. Vipande vilivyotokana nao vilitumika kwingine, jumla yake haikusimama. Nguvu ya umeme, uzito, viungo vya binadamu visivyofuata bawaba za chuma. Fedha hawakukosa hata kidogo.

Sisi wa Unyamwezi, lakini, habari za mzigo tungepaswa kuwa walimu. Wapagazi waliotembea kati ya pwani na Tabora walibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32, begani au kichwani, kwa wiki nyingi mfululizo. Haikuwa kilo 60, na haikuwa kwa sababu walikosa nguvu. Ilikuwa hesabu ya watu waliojua kwamba kesho ipo, na keshokutwa ipo. Majeshi ya kisasa yanarudia wazo hilohilo kwa lugha ya kitaalamu: theluthi ya uzito wa mwili, ukizidisha hapo unavunja askari. Kisha wanazidisha.

Na kikosi maalumu tulikuwa nacho. Rugaruga wa mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, walikuwa vijana wenye nguo nyekundu, manyoya kichwani, mkuki na gobori. Deraa hakuna. Silaha yao kubwa ilikuwa mwendo: wanatokea pale ambapo jana yake uliambiwa wako mbali. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walipomwendea Mirambo, msafiri wa Kizungu Stanley akiwa pamoja nao, walirudi mbio, na Mirambo akaja kuichoma sehemu ya mji. Sitaki mtu anisome vibaya. Rugaruga waliwaliza watu wengi wasio na hatia, na bibi zetu hawakuwasimulia kwa tabasamu. Nasema tu kwamba mtu akitaka kuandika kikosi cha nyota chenye harufu ya kwetu, asianze na chuma kizito. Aanze na nani anabeba maji, na kikosi kinatembea umbali gani kabla ya jua kusimama utosini.

Kuna jambo la pili linalonikera, nalo ni fupi: hakuna anayetengeneza kitu. Deraa inapigwa risasi, ukurasa unaofuata ni nzima. Shuka hapo Kigoma uulize habari za meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000 hivi, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani, ikaunganishwa Kigoma kwa ribiti, moja baada ya nyingine. Mwaka 1915 ikaingia majini. Mwaka uliofuata Wajerumani wakiwa wanakimbia waliizamisha wenyewe, ila mafundi walizipaka mashine grisi nzito kwanza. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi, sasa ikiitwa Liemba. Yule fundi mwenye kopo la grisi, akipaka kitu anachokwenda kukizamisha, ndiye mhusika ninayemtafuta katika kila kikosi cha nyota na simpati. Wadunguaji ninao kumi na wawili.

Nina mpwa wangu wa darasa la sita anayechora askari hawa nyuma ya daftari la hisabati, na kwa kweli ana mkono. Juzi akaniletea mmoja: mabega kama milango, kofia yenye pembe, bunduki mbili.

"Mjomba, kimepungua nini?"

Nikamwambia achore mrija wa maji kutoka mgongoni hadi mdomoni. Akachora. Nikamwambia aweke matundu ya kutolea joto. Akayaweka nyuma ya mabega, akayatia wekundu. Nikamwambia achore na mwenzake, amesimama nyuma, anamkagua zipu. Hapo alinung'unika, maana mikono ya watu inamsumbua kuchora, lakini akachora. Halafu akaukazia macho ule mrija wa maji, akaifuata njia yake kwa kidole kutoka mdomoni kushuka tumboni, kushuka zaidi, akasimama.

"Sasa Mjomba, akibanwa na mkojo?"

Nikamweleza kwamba wanaanga huvaa nepi za watu wazima. Alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. Kisha akainuka, akachukua kifutio, na kuanza kuifuta suruali ya askari wake ili aipanue kidogo.