Kuhamia Dar es Salaam: upange karibu na mji au uende pembeni?

Anayehamia Dar es Salaam akitokea Nairobi, Bujumbura, Kampala au Lubumbashi hukutana na kambi mbili za washauri. Ya kwanza humwambia akae karibu na mji hata kama nyumba itakuwa ndogo: Sinza, Kijitonyama, Kinondoni, Magomeni, Ilala, au Upanga kama mfuko unaruhusu. Ya pili humwambia asipoteze hela kulipia kelele. Aende Goba, Madale, Bunju, Kinyerezi, Mbezi ya Kimara, Chanika au Kigamboni, apate nyumba nzima yenye uzio na uwanja kwa bei ya vyumba viwili vya Sinza. Kambi zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba zinabishana kuhusu kodi, wakati kinachoamua kama utaishi vizuri Dar ni barabara utakayopita kila siku na maji yatakayofika bombani. Kodi inakuja baada ya hayo.

Kwa mgeni kutoka Kenya, aliyezoea kulipa mwezi mmoja pamoja na dipoziti, kukosea kuchagua nyumba hapa ni kwa gharama zaidi. Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Tuchukue nyumba ya shilingi 450,000 kwa mwezi: miezi sita ni 2,700,000, ongeza 450,000 ya dalali, unatoa 3,150,000 kabla hujanunua hata godoro. Nyumba ya 250,000 huko pembeni itakutoa 1,750,000. Tofauti ya 1,400,000 ni kubwa kwa mtu aliyetoka kulipia vibali na kusafirisha mizigo, na ndiyo inayowasukuma wengi pembeni bila kupiga hesabu nyingine yoyote. Wakigundua mwezi wa pili kwamba hapawafai, hela hairudi. Mikataba mingi haina kipengele cha kurejeshewa miezi ambayo hukukaa, na mwenye nyumba ameshaitumia.

Sasa barabara. Barabara kuu nne zinatoka katikati ya mji kama vidole. Ya Bagamoyo inaelekea kaskazini kupitia Mwenge, Tegeta hadi Bunju. Ya Morogoro inakwenda magharibi kupitia Magomeni, Ubungo, Kimara hadi Mbezi na Kibamba. Ya Nyerere inapita uwanja wa ndege kwenda Gongo la Mboto na Pugu. Ya Kilwa inashuka kusini hadi Mbagala. Barabara za Sam Nujoma na Mandela zinazikata kuanzia Mwenge, kupitia Ubungo, Buguruni na TAZARA, hadi upande wa bandari. Nje ya mkato huo, njia za lami zinazounganisha kidole na kidole ni chache: ile ya Goba kati ya Bagamoyo na Morogoro, na ile ya Kinyerezi na Malamba Mawili inayotokea Mbezi. Mtu anayeishi Bunju na kufanya kazi Mbagala, au anayeishi Chanika na kufanya kazi Mikocheni, atashindana na foleni za barabara mbili kwa siku moja. Kwa hiyo swali la kwanza ni kazi iko kwenye barabara ipi, kisha utafute nyumba kwenye barabara hiyohiyo. Hilo linashinda hoja ya umbali. Mtu wa Kimara anayefanya kazi Kariakoo ana kilomita kama 15, lakini yuko kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kazi mwaka 2016, yenye barabara yake yenyewe; asubuhi anaweza kumtangulia mwenye gari aliyetoka Mbezi Beach.

Ila mwendokasi nao una masharti yake. Asubuhi basi linajaa kituo cha mwanzo. Anayepandia hapo njia inapoanzia anapata nafasi. Anayesubiri Baruti au Kona anaona mabasi yakipita yamefurika, au anasukumana mlangoni. Ukiona nyumba nzuri kwenye vituo vya katikati, nenda ukasimame hapo kituoni saa 12 na nusu asubuhi siku ya kazi kabla hujalipa chochote. Jambo la pili ni Jangwani. Barabara ya Morogoro inavuka bonde la Mto Msimbazi hapo, na mvua kubwa zimewahi kuifunga mara nyingi, mwendokasi ukiwemo. Siku hiyo wote wa Morogoro Road wanazunguka, na foleni inahamia Kigogo na Kawawa. Kuhusu barabara ya Nyerere na ile ya Bagamoyo, ujenzi wa njia za mwendokasi umebana nafasi kwa muda mrefu, kwa hiyo muda wa safari aliokutajia mtu miaka mitatu iliyopita usiutumie.

Mwenye gari binafsi ndiye anayedanganywa zaidi na kodi nafuu. Tuseme pembeni kunamuongezea kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, siku 22 za kazi: ni kilomita 880 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 88 za ziada, na kwenye foleni ni zaidi. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, ni 264,000. Ile 200,000 aliyookoa kwenye kodi imekwisha na ameongezea juu yake. Anayepanda daladala anaumia kidogo, lakini asisahau bodaboda ya kutoka barabarani hadi nyumbani. Wawili wakilipa 1,000 kila mmoja asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 22 ni 88,000. Nyumba iliyo mita 400 kutoka kituoni na iliyo kilomita tatu ndani zinatangazwa kwa jina lilelile la mtaa, na dalali atakuambia zote ziko “karibu na lami”.

Kigamboni inahitaji kuangaliwa peke yake. Hewa ni nzuri, viwanja ni vikubwa, na ukisimama Magogoni, kwenye kivuko upande wa mjini, unaona ng'ambo ni karibu. Kivuko kwa mtembea kwa miguu ni shilingi 200 tu. Lakini kivuko kimoja kikiondolewa kwa matengenezo, umati unaongezeka pande zote mbili. Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016 ni msaada mkubwa, ila linakutoa Kurasini, si Posta katikati ya mji, na gari linalipa tozo. Kwa anayefanya kazi bandarini, Kurasini, Temeke au hukohuko Kigamboni, ni chaguo zuri kuliko Tegeta. Kwa anayefanya kazi Mwenge au Ubungo, hapana.

Kwenye maji ndipo wageni wengi wanakosea, kwa sababu siku ya kuonyeshwa nyumba bomba huwa linatoka. Sehemu kubwa ya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, inatoka Mto Ruvu kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ulipopungua mwishoni mwa 2022 mji uliingia kwenye mgao. Hata nyakati za kawaida, mitaa haipati maji siku sawa, na nyumba zilizo juu mlimani hupata presha ndogo. Usiulize “maji yapo?” kwa sababu jibu ni ndiyo kila mahali. Uliza jirani, si dalali: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na mara ya mwisho yalikatika kwa muda gani. Halafu pima tangi. Familia ya watu watano ikijibana hutumia lita 250 hadi 300 kwa siku. Simtangi ya lita 1,000 itawafikisha siku tatu au nne, ya lita 5,000 wiki mbili na zaidi. Kama maji ni ya kisima, yaonje. Sehemu za mwambao, Kigamboni na Mbezi Beach zikiwemo, visima vingi ni vya chumvi: sabuni haitoi povu, koki zinaoza, na ya kunywa utanunua. Uliza pia pampu inakula umeme wa mita ya nani. Nyumba yenye wapangaji wanne na pampu moja iliyounganishwa kwenye mita yako italeta ugomvi kila mwezi.

Mita nayo ipimwe. Kabla ya kulipa kodi, nunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya 5,000 uiangalie. Daraja la matumizi madogo, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, linatoa kama uniti 8 kwa kila 1,000. Daraja la kawaida linatoa karibu 2.8. Toa 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ya nyumba ya kawaida kama mwezi huo haijakatwa: inabaki 3,500, sawa na uniti 28 kwa daraja la chini au chini kidogo ya 10 kwa la kawaida. Ukipata pungufu sana ya hapo, huenda mita ina deni, na deni linakatwa kwa anayenunua, hata kama aliyelisababisha alishahama. Bili ya maji nayo hufuata nyumba. Dai kuona ya mwezi uliopita, na uangalie jina lililo juu yake kama ni la yule anayetaka kupokea kodi yako.

Mvua ni sababu nyingine ya kutoharakisha mkataba mrefu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Anayetafuta nyumba Julai au Agosti anaona mji mkavu na barabara za vumbi zinazopitika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde la Msimbazi na kuwapeleka Mabwepande, lakini hatari haiko bondeni tu. Boko Basihaya maji yamewahi kukaa ndani ya nyumba za watu, na Bonde la Mpunga kule Msasani jina lake linajieleza. Goba na Kimara, penye vilima, shida inageuka: maji yanachimba makorongo na barabara ya ndani inakatika. Dalili zinaonekana hata kiangazi ukiinama kutazama. Rangi mpya iliyopakwa hadi usawa wa goti tu, kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali, viroba vya mchanga pembeni mwa geti, soketi za umeme zilizohamishiwa juu ukutani. Ukiona mawili kati ya hayo, ondoka.

Je, wanaosema pembeni hawana haki? Wanayo, na kwa baadhi ya familia wana haki kabisa. Anayefanya kazi kwa kompyuta nyumbani, mwenye mradi hukohuko, mwenye watoto wadogo watatu na bibi yao, hana sababu ya kujibana Sinza. Watoto wanapata pa kuchezea, mtu anafuga kuku, usiku kuna upepo. Majirani wa pembeni wengi wamejenga na wanakaa, kwa hiyo wanajuana. Mjumbe, yaani kiongozi wa karibu wa mtaa, anakufahamu kwa jina ndani ya mwezi. Kwa mgeni wa nchi hilo lina thamani kubwa, kwani barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa utaihitaji mara kwa mara. Ila mzazi aulize kwanza shule iko wapi. Basi la shule za mjini linalowachukua watoto Goba au Bunju linapita saa 11 na nusu alfajiri, na mtoto wa darasa la kwanza anasinzia hadi darasani. Pembeni kunalipa pale kazi na shule zote ziko pembeni. Ikiwa moja liko mjini, nafuu inapungua. Yakiwa yote mawili, haipo.

Kuna mtego mmoja ambao kambi ya pembeni huwaingiza wageni kwa nia njema: “badala ya kupanga, nunua kiwanja”. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaotambuliwa kisheria. Mkenya, Mganda au Mrundi naye ni mgeni katika hili; itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imeacha ardhi kwa sheria za kila nchi. Kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, au kuandika jina la rafiki Mtanzania, hakukupi haki yoyote ya kudai mahakamani. Na huko Masaki na Oysterbay, ukitajiwa kodi kwa dola, ujue kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani. Dai mkataba wa shilingi.

Kwa anayefika mara ya kwanza, msimamo wetu uko upande wa karibu na mji, lakini kwa muda mfupi. Lipia chumba chenye fanicha kwa mwezi Sinza, Mwenge au Magomeni, mahali unapoweza kufika barabara zote nne kwa daladala moja au mbili. Tumia mwezi huo kwenda kazini na kurudi, na kuikagua mitaa asubuhi na usiku. Kisha tafuta nyumba kwenye barabara ya kazi yako, na uombe mkataba wa miezi mitatu. Wengi watakataa. Tafuta iliyokaa wazi zaidi ya miezi miwili, utaijua kwa majani yaliyoota getini na mita isiyo na uniti, na uongee na mwenyewe moja kwa moja; huyo huwa anakubali mitatu, hasa ukimwongezea 20,000 au 30,000 kwa mwezi. Andikeni kwamba kodi haitapanda kwa mwaka mmoja ukiendelea kukaa, na mpange mkataba wa kwanza uishe baada ya masika, siyo kabla.