Ruzuku ya miaka miwili, swali la miaka ishirini

Mtafiti chipukizi anayetaka kujua kama watoto wa kaya maskini hupanda kiuchumi wakishakuwa watu wazima hukwama kwenye kalenda. Ruzuku anayoweza kuipata mara nyingi ni ya mwaka mmoja au miwili, ilhali maisha ya kaya hubadilika kwa muongo na zaidi. Fedha hiyo iende kwenye udodosaji mpya, au kwenye kuchambua takwimu zilizokwisha kukusanywa?

Wanaotetea takwimu zilizopo wana ushahidi mzito. Utafiti wa kaya wa mkoa wa Kagera, Tanzania, ulianza kwa kuhoji kaya zaidi ya 900 kati ya 1991 na 1994. Mwaka 2004 wadadisi waliwatafuta watu walewale, hata waliovuka kwenda Uganda. Watafiti Beegle, De Weerdt na Dercon walipolinganisha watu waliotoka kaya moja, ukuaji wa matumizi (kipimo cha hali ya maisha) ya waliohama uliwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Ruzuku ya kijana mmoja haiwezi kuzaa jibu la aina hiyo.

Lakini takwimu hizo zina masharti yake. Majina yameondolewa, kwa hiyo huwezi kurudi kwa mhusika kumuuliza kilichomnyanyua. Maswali yalitungwa kabla watu hawajaanza kutumiana pesa kwa simu. Na mitego ipo: Utafiti wa Kitaifa wa Kufuatilia Kaya wa Tanzania, ulioanza 2008/09, ulibadilisha sehemu kubwa ya sampuli yake 2014/15. Asiyesoma mwongozo wa sampuli atadhani kaya zimepotea, kumbe zilipumzishwa.

Udodosaji mpya unampa kijana maswali yake mwenyewe, na anajifunza kazi kwa mikono yake. Tupige hesabu: wadadisi 5, kila mmoja kaya 2 kwa siku, kaya 400 ni siku 40 za uwandani, mbali na miezi ya kusubiri kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania. Mwishoni ana picha ya siku moja tu ya maisha ya watu. Wengi hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuuliza ya zamani. Paa la bati, elimu ya baba na idadi ya ng'ombe watu hukumbuka. Matumizi ya mwezi ya miaka kumi iliyopita, hapana.

Hata kurudi mara ya pili kuna hatari isiyozungumzwa vya kutosha. Mama akisahau kutaja sukari na mafuta ya taa safari ya kwanza, kaya yake inaandikwa maskini sana. Safari ya pili akivitaja, jedwali linasema amepanda. Hakupanda. Makosa ya upimaji hujivika sura ya maendeleo, na kadiri vipindi vinavyokaribiana ndivyo yanavyoufunika ukweli.

Kwa maoni yetu, ruzuku ndogo igawanywe: miezi ya kwanza ya kuchambua takwimu zilizopo, kisha mahojiano ya kina na kaya 50 au 60 katika maeneo yanayofanana na yale ya takwimu hizo. Mtafiti huyo akiwa mhadhiri msaidizi, mfadhili alipie pia muda wake. Asipofanya hivyo, uchambuzi unafanyika usiku baada ya kusahihisha mitihani.

Na kila dodoso, kwa ridhaa ya mhojiwa, liwe na ukurasa wa kumtafuta baadaye: jina la utani, jina la balozi wa nyumba kumi, na simu ya ndugu asiyehamahama. Ukurasa huo ufungiwe mbali na majibu, utunzwe na taasisi, maana kijana mwenyewe huenda akahama kabla ya kaya alizozihoji.