Kairopraktiki na maumivu ya mgongo: mlio mkubwa, nafuu ya wastani

Anayeumwa kiuno hadi anashindwa kuinama kufunga viatu hana subira ya kusikia habari za utafiti. Anataka mtu wa kumgusa pale panapouma. Hapo ndipo kairopraktiki inapowavuta watu: tabibu anakulaza, anapapasa pingili za uti wa mgongo moja baada ya nyingine, kisha anasukuma kwa ghafla, na unasikia mlio kama wa kualisha vidole. Wengi huinuka wakiamini mfupa umerudi mahali pake.

Mfupa haukuwa umetoka. Mlio ule ni wa gesi iliyomo katika ute wa kiungo, na ukubwa wake hausemi lolote juu ya kupona. Dhana ya pingili zilizohama tumeirithi kwa D. D. Palmer, aliyeanzisha tiba hii Davenport, Iowa, nchini Marekani, mwaka 1895, akidai kwamba karibu magonjwa yote chanzo chake ni hicho. Dai hilo halijathibitishwa. Ukiambiwa leo kwamba kunyooshwa mgongo kutakuponya pumu au kisukari, aga uondoke.

Lakini kosa la mwanzilishi halitoshi kuitupa tiba yote. Mwaka 2017 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kilishauri anayeumwa mgongo aanze na njia zisizo za dawa, na kikaitaja hii pamoja na kukandwa na kupashwa joto. Mwaka huohuo jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha mapitio ya majaribio 26 kuhusu maumivu mapya ya kiuno: nafuu ilikuwepo, ila ya wastani, ndani ya wiki sita. Kwa maumivu sugu, matokeo hukaribiana na ya mazoezi.

Ugumu wa kuamua uko hapa: maumivu mapya mara nyingi hupungua yenyewe katika wiki chache. Aliyekwenda wiki ya pili akapona ya nne atamsifu tabibu, na huenda ana haki. Huenda pia angepona bila yeye.

Kwa hiyo tarajia maswali mengi siku ya kwanza, na mwili kuuma siku moja au mbili baadaye; hilo ni la kawaida. Tarajia pia kupewa mazoezi. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 unakubali tiba ya mikono ikiambatana na mazoezi tu, nami naona huo ndio msimamo wenye busara, kwa sababu mgongo hukaa na mwenyewe siku nzima na tabibu dakika ishirini. Sikubaliani na kulipia mapema mahudhurio ya miezi mingi. Wiki nne zikipita bila badiliko, tafuta njia nyingine.

Na wapo wasiopaswa kunyooshwa kabla ya kuonwa na daktari. Ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, na miguu kulegea ni dharura ya siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda vinahitaji vipimo: Afrika Mashariki kifua kikuu bado ni kingi, nacho hula hata pingili za mgongo, na pingili iliyoliwa haifai kusukumwa na mkono wa mtu yeyote.