Simu Itamjua Aliyeketi Nami Kwenye Matatu?

Mtu wa Kayole, Nairobi, akipatikana na ugonjwa wa kuambukiza, mhudumu wa afya humuuliza alitangamana na nani. Atataja watu wa nyumbani, majirani wa ploti na wenzake kazini. Hawezi kumtaja abiria waliyebanana naye hadi mjini, foleni ndefu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Pengo hilo ndilo programu za simu zilikusudiwa kuliziba.

Mwaka 2020 Apple na Google zilitoa mfumo unaotumia Bluetooth. Simu zilizo karibu zilibadilishana namba zisizomtambulisha mtu, na mwenye simu moja akipatikana na korona, wengine walipata arifa bila jina lake kutajwa. Umbali ulikadiriwa kwa nguvu ya mawimbi, na shaka yangu inaanzia hapo. Watafiti wa Trinity College, Dublin, walijaribu teknolojia hii ndani ya tramu na basi wakakuta nguvu ya mawimbi haiendani na umbali halisi, kwa kuwa chuma huyarudisha mawimbi nayo miili ya abiria huyanyonya. Matatu nayo ni chuma na miili. Kwa hiyo pale tunapoihitaji zaidi simu ndipo inapobahatisha zaidi. Kule Mathare, mtaa wa nyumba zilizobanana, kosa litakuwa kinyume chake: mawimbi hupenya ukuta wa mbao, na jirani ambaye hamjaonana wiki nzima ahesabiwe kuwa mlikuwa pamoja.

Hata hivyo siungani na wanaosema haifai kabisa. Utafiti wa England na Wales, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2021, ulikadiria kwamba programu ya huko ilizuia maambukizi ya mamia ya maelfu ya watu katika miezi ya mwisho ya 2020. Takribani asilimia 6 ya walioarifiwa walikuja kupatikana na virusi, kiwango kinachokaribiana na cha waliotafutwa na wahudumu. Hayo si mafanikio madogo, ingawa watumiaji walikuwa kama asilimia 28 tu ya wananchi.

Lakini ni lazima watu wote wawili wanaokutana wawe na programu hiyo. Watu 3 kati ya 10 wakiitumia, ni kama makutano 9 tu kati ya 100 yatakayonaswa, na wenye kabambe, zile simu ndogo zisizoweza kuwekewa programu, hawamo kabisa.

Jambo linaloniumiza zaidi halimo ndani ya simu. Mwaka 2020 watu waliowekwa karantini hapa kwetu Kenya walidaiwa gharama za kukaa karantini, na wengi wakajifunza kunyamaza. Singapore nayo, Januari 2021, ilikiri kwamba polisi wangeweza kuchukua data za programu yake, baada ya wananchi kuambiwa ni za kufuatilia maambukizi tu. Kibarua wa mjengo akipata arifa alfajiri, kabla hajafika steji, ataangalia kwanza unga uliobaki nyumbani. Usipotosha siku za kujitenga, atapanda matatu.