Fundi Akiondoka, Skripti Ibaki Shuleni

Wiki iliyopita niliitwa na shule moja ya sekondari pembezoni mwa jiji la Mbeya kuangalia maabara ya kompyuta ambayo, kwa maneno ya mwalimu aliyenipigia simu, kila mashine ina tabia yake. Nilikuta kompyuta 22, zote zikiwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, zote zimeandaliwa na fundi mmoja kwa siku tatu, na ilikuwa vigumu kupata mbili zinazofanana. Hii ilikuwa na LibreOffice ya kazi za ofisi bila GIMP ya kuhariri picha, ile ilikuwa na GIMP bila LibreOffice, na mwalimu alikuwa amezoea kuwapanga wanafunzi kwa kufuata mashine badala ya kufuata somo. Nilipouliza fundi aliyetangulia alitumia orodha ipi, niliambiwa kwamba orodha alikuwa nayo kichwani, naye amekwishahamia Iringa.

Jambo hili limeniuma, kwa sababu dawa yake imo ndani ya mashine zenyewe. Bash, programu inayotekeleza amri za maandishi, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, inakuja na kila Ubuntu, na haidai leseni wala malipo. Skripti, yaani faili moja la amri lenye mistari kumi, lenye apt-get update ya kusasisha orodha ya programu zinazopatikana na kufuatiwa na apt-get install -y ya kusakinisha, pamoja na majina ya programu zinazotakiwa, lingezifanya mashine zote 22 zifanane. Fundi anayeandika amri zilezile kwa mkono mara 22, jioni ya Juni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi yetu hii, lazima ataruka kitu kwenye mashine ya 15, hata awe hodari namna gani.

Hata hivyo, kuokoa muda si hoja yangu kubwa. Skripti ni maandishi: inaeleza ni kitu gani kilichowekwa, kwa mpangilio gani, na mwalimu wa kompyuta anaweza kuifungua, kuyasoma majina ya programu na kuongeza jina jingine somo linapobadilika. Wapo mafundi wenzangu wanaoificha kwa hofu kwamba wakiiacha watakuwa wamegawa mkate wao. Hofu hiyo naielewa, maana kazi zetu huku ni za kuitwa, na mwezi mwingine simu hailii. Lakini kazi ile ililipwa kwa michango ya wazazi, wengi wao wakulima wa viazi, na mzazi aliyeuza magunia ili mwanawe aguse kompyuta amekwishalipia maarifa yaliyoiandaa kompyuta hiyo. Mjenzi akimaliza nyumba haondoki na ramani. Kuondoka na orodha kichwani ni kuiacha shule ikimtegemea mtu mmoja ambaye anaweza kuhama, kuugua au kubadilisha namba ya simu, na ninaona ni kosa hata kama aliyelifanya hakuwa na nia mbaya.

Kuna pia suala la bando. Programu zilezile zilipakuliwa upya kwenye kila mashine, ilhali apt-get huvihifadhi vifurushi vya programu ilivyovipakua katika folda ya /var/cache/apt/archives, na skripti ingeweza kuvinakili kutoka kwenye flashi kabla ya kuanza kusakinisha. Amri ya apt, tofauti na apt-get, kwa kawaida huvifuta ikimaliza, na yenyewe hutoa onyo inapotumiwa ndani ya skripti.

Nakubali kwamba skripti yenye kosa hulisambaza kosa hilo kwa kasi. Mimi mwenyewe, nikiwa Mafinga, niliwahi kukosea herufi moja katika jina la kifurushi. Apt-get haikusakinisha hata kimoja katika orodha nzima, lakini skripti iliendelea hadi mstari wa mwisho na kutangaza kwamba kazi imekamilika, kwa kuwa sikuweka set -e pale juu ili isimame amri inaposhindwa. Tangu siku hiyo huijaribu kwanza kwenye mashine moja. Vilevile sikubali kabisa kuchukua skripti ya mtu nisiyemjua mtandaoni na kuiendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, kabla ya kuisoma.

Katika shule ile niliiandika skripti mwalimu akiwa ameketi kando yangu, nikiweka maelezo ya Kiswahili juu ya kila amri. Kwenye mashine ya pili aliiendesha mwenyewe, na kabla ya kufika ya tatu alikuwa ameongeza programu ya kuchora ya Inkscape kwenye orodha bila kuniuliza inaandikwaje. Mashine moja imebaki kwa sababu diski yake imekufa. Diski mpya ikifika, mwalimu ataweka Ubuntu kisha aendeshe faili lililo kwenye flashi, na nimemwambia kwamba kwa kazi hiyo hahitaji kunipigia simu.