Kituo cha Svalbard: nani alipie fildi, na nani aruhusiwe kwenda

Kila serikali ya Norway inapotoa waraka mpya kuhusu Svalbard, visiwa vyake vya Aktiki karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, na wa karibuni ulitoka 2024, swali lile lile linaibuka: kile kituo cha chuo kikuu kilichoko kwenye mji wa Longyearbyen, UNIS, kiendeshwe kwa faida ya nani. Kwa asiyekijua, kilianzishwa 1993 na vyuo vikuu vinne vya Norway, yaani Oslo, Bergen, Trondheim na Tromsø, kipo nyuzi 78 kaskazini, kama saa tatu kwa ndege kutoka Oslo, na kina idara nne tu: baiolojia, jiolojia, jiofizikia na teknolojia, zote za Aktiki. Digrii hakitoi. Mwanafunzi anabaki kuwa wa chuo chake, anakwenda pale wiki kadhaa au muhula mzima, anasoma kwa Kiingereza, ada ya masomo halipi, halafu anarudi kwao na maksi zake. Tangu mwanzo mpango ulikuwa nusu ya wanafunzi wawe Wanorway na nusu wageni.

Sasa watu wengi wakisikia hivyo wanadhani ni mradi wa kisayansi tu, wema wa nchi tajiri kwa dunia. Sio hivyo, na serikali yenyewe wala haifichi. Mkataba wa Svalbard ulisainiwa Paris 1920 ukaanza kutumika 1925, ukaipa Norway mamlaka ya visiwa vile lakini kwa sharti kwamba raia wa nchi zote zilizosaini wana haki sawa ya kuvua, kuwinda, kuchimba na kufanya biashara. Ndo maana Warusi wana mji wao wa Barentsburg na makaa yao mpaka leo. Kwenye hali kama hiyo mamlaka ya kwenye karatasi hayatoshi, lazima watu wako waishi pale, na kwa miaka mingi waliowaweka watu pale ni kampuni ya makaa ya mawe. Makaa yalipoanza kuonekana hayana maisha marefu ndo likatafutwa jambo lingine la kuufanya mji uishi, utalii ukawa mmoja, utafiti na elimu ya juu ukawa mwingine. Mgodi wa mwisho wa Norway kule umefungwa 2025. Kwa hiyo leo kituo hiki ni moja ya nguzo zinazoubeba mji wa watu kama 2,500, na ndo maana ni kampuni inayomilikiwa na serikali asilimia mia, chini ya wizara ya elimu, na sio taasisi ya vyuo vile vinne tena.

Mi naona hapo ndo uchambuzi unatakiwa uanzie, kwamba kituo kina mabwana wawili, sayansi na siasa ya kuwepo, na muda mwingi mabwana hao wanaelewana. Ugomvi unakuja pesa zinapobana au usalama wa dunia unapochafuka.

Lakini kwanza tuangalie kinachogharimu, maana wanaokosoa na wanaotetea wote huwa wanaruka hapa. Kinachokula hela sio maprofesa, ni fildi, yaani masomo ya nje kwenye barafu, milima na bahari. Mwanafunzi akifika Longyearbyen hapelekwi maabara, anapelekwa kozi ya usalama, siku kadhaa, na asipoipita haendi popote nje ya mji. Anafundishwa kupiga bunduki kubwa ya kuwindia, maana nje ya makazi sheria inataka uwe na kifaa cha kumtishia dubu mweupe na kila mtu mwenye akili anabeba na bunduki juu yake. Anafundishwa pia kwamba bunduki ni ya mwisho kabisa, kwanza unakaa mbali, unaondoka, unarusha fataki za kumtisha, na ikitokea dubu ameuawa, gavana wa Svalbard anafungua uchunguzi kama wa kesi nyingine yoyote. Halafu anavalishwa suti nene ya kuokolea maisha anaingia baharini kwenye maji ya barafu kuona mwili unavyofanya. Anafundishwa kumtoa mwenzake aliyetumbukia kwenye ufa wa mto wa barafu kwa kamba, kumtafuta aliyefukiwa na theluji kwa kifaa kinachotoa mlio na fimbo ndefu ya kuchomea chini na koleo, kutoboa barafu ya bahari kupima unene kabla ya kupitisha pikipiki ya theluji, na kupanga safari vizuri ili hali ya hewa ikigeuka awepo wa kusema turudi.

Na nyuma ya huyo mwanafunzi kuna kikosi kizima. Kuna watu kazi yao ni kutengeneza pikipiki za theluji, kukagua mahema na majiko, kupakia mafuta, kukausha suti, kuhesabu risasi zilizotoka na zilizorudi, kukaa na redio na simu ya satelaiti wakati kundi liko nje. Kambini usiku kuna zamu ya kulinda, mtu mmoja anakaa macho na bunduki na darubini wenzake wakilala. Mwaka 2011 kundi la vijana wa Uingereza, sio wa UNIS, lilipiga kambi kwenye kisiwa kile kile kikubwa chenye mji wa Longyearbyen, dubu akaingia asubuhi, ule uzi wa tahadhari uliozungushiwa mahema haukulipua fataki zake, kijana wa miaka 17 akafa na wenzake wakajeruhiwa vibaya. Mhasibu anayetaka kukata bajeti ya idara ya vifaa na usalama akakumbuke tukio hilo kwanza. Kwenye chuo cha kawaida ukikata hapo watu wanalalamika printa haifanyi kazi, pale ukikata mtu anaweza asirudi.

Haya, wanaopinga wanasema nini? Hoja yao ya kwanza ni nzito na nimeona watetezi wengi wanaikwepa. Svalbard inapata joto kwa kasi mara sita mpaka saba ya wastani wa dunia. Julai 2020 Longyearbyen ilifika nyuzijoto 21.7, rekodi. Agosti 2024 wastani wa mwezi ulikuwa kama 11, sehemu ambayo zamani Agosti ilikuwa ya baridi ya kuvaa koti kubwa. Sasa wewe unapeleka mamia ya wanafunzi kila mwaka kwa ndege, unawasha pikipiki za petroli, unawatoa kwa boti za dizeli, wakajifunze jinsi hewa chafu inavyoyeyusha barafu. Mpaka Oktoba 2023 hata umeme na joto la madarasa vilitoka kwenye mtambo wa makaa, na baada ya hapo mji umehamia dizeli. Haiko sawa hii, na kusema eti sayansi ina msamaha wake hakutoshi. Pia kuna wanyama na mimea wenyewe, ndo maana kuanzia Januari 2025 sheria zimekazwa, lazima ukae mita 300 kutoka kwa dubu na wakati wa machipuko mita 500, na baadhi ya fjodi, yaani ghuba nyembamba ndefu kati ya milima, haziruhusu tena pikipiki kwenye barafu ya bahari baada ya 1 Machi isipokuwa kwa masharti.

Hoja ya pili ni kwamba teknolojia imefika. Satelaiti zinapiga picha Svalbard kila siku, vipimo vimechimbiwa ardhini vinatuma data vyenyewe. Na wanajiolojia wa kituo hicho hicho wamejenga mfumo unaitwa Svalbox, wanapiga picha za miamba kwa droni halafu wanatengeneza modeli ya pande tatu ambayo mwanafunzi anaweza kuizungusha kwenye kompyuta akapima tabaka la mwamba akiwa Mwanza au Madrid. Korona ilipokuja Machi 2020 kituo kikafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, na modeli hizo ndo zilisaidia masomo yasife. Wakosoaji wanasema mmeona, inawezekana.

Inawezekana kwa kiasi chake. Waliotengeneza Svalbox wenyewe wanaitumia kumwandaa mwanafunzi kabla ya fildi na kumrudisha kwenye mwamba ule ule akiwa darasani baadaye, na hiyo nakubaliana nayo kabisa, inapunguza hata siku za kuchoma mafuta. Ila kuna vitu haviji kwa skrini. Chukua kome wa bluu. Walikuwa wametoweka Svalbard karibu miaka elfu moja, mwaka 2004 wakakutwa tena kwenye mlango wa fjodi ya Isfjorden, na wamekutwa na wapiga mbizi walioshuka kwenye maji yale ya baridi wakaangalia chini. Hakuna satelaiti inayoona kome chini ya bahari. Au chukua mvua ya majira ya baridi, inanyesha juu ya theluji, inaganda, inafunika majani kwa ukoko wa barafu na kulungu wa kule (reindeer) wanakufa njaa, ukitaka kuelewa unene wa ukoko ule unachimba shimo kwenye theluji kwa koleo, unapima tabaka kwa tabaka.

Na kuna maporomoko. Tarehe 19 Desemba 2015 theluji iliporomoka kutoka mlimani Sukkertoppen ikasukuma nyumba ndani ya Longyearbyen, watu wawili wakafa, mmoja mtoto. Februari 2017 yakaporomoka mengine yakabomoa majengo tena. Baada ya hapo mji ulihitaji watu wanaojua theluji ya pale pale, upepo unaipeleka wapi, tabaka dhaifu limekaa wapi, na wengi wa watu hao walikuwa tayari wapo, walimu na wanafunzi waliokuwa wanachimba mashimo ya theluji kwa sababu ya kozi. Hilo kwangu ndo jibu kubwa kwa wanaouliza fildi ina faida gani, kwamba maarifa yalikuwepo mjini siku yalipohitajika. Huwezi kuyaagiza kwa simu kutoka Oslo usiku wa dhoruba.

Tukija kwenye siasa mambo yanakuwa magumu zaidi. Tangu 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, vyuo vya Norway vimesimamisha ushirikiano rasmi na taasisi za Urusi, na nusu ya Aktiki ni Urusi. Anayesoma udongo ulioganda daima leo anasoma nusu ya ramani. Kwa upande wa haki siwezi kuilaumu Norway, vita ni vita. Ila kisayansi ni hasara ya kweli na vijana wanaoanza sasa wataibeba. Mwaka huo huo sheria ya kupiga kura mjini ilibadilishwa, mgeni lazima awe ameishi Norway bara miaka mitatu ndo apige kura ya halmashauri ya Longyearbyen. Mhadhiri Mjerumani au Muitaliano aliyekaa pale miaka kumi akifundisha na kulea watoto, kama hajaishi bara, hana kura. Serikali inasema hela za mji zinatoka bara na maamuzi yafanywe na watu wenye uhusiano na bara, na ina hofu ya nchi kubwa kutumia utafiti kama mlango wa kuingilia. Hofu hiyo ina msingi, usiichukulie kirahisi, visiwa vile viko kwenye njia ya nyambizi za nyuklia za Urusi kutoka eneo la Murmansk.

Lakini hapo ndo nasema mabwana wawili wanaanza kugombana. Kituo kinaishi kwa sifa yake, na sifa imejengwa na darasa la nusu kwa nusu. Ukianza kumfanya mgeni ajione anavumiliwa tu, wazuri wataacha kuja, wahadhiri wataondoka mikataba ikiisha, na utabaki na uwepo wa Norway pale Svalbard usio na kitu cha kuonyesha. Serikali inataka Wanorway wengi zaidi, sawa, iwavutie kwa nyumba na masomo mazuri, isiwavutie kwa kupunguza viti vya wengine.

Na sisi huku tunahusika zaidi ya tunavyodhani. Mkataba hauweki viza kwa Svalbard yenyewe, ila ndege zinapita Norway, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, na iwe ya kuingia mara mbili maana Svalbard iko nje ya Schengen. Zamani njia ya wengi wetu ilikuwa kusoma kwanza kwenye chuo cha Norway bara, kulikuwa na mpango wa serikali wa kuwalipia wanafunzi wa nchi zinazoendelea, ukafutwa miaka ya kati ya 2010, halafu 2023 vyuo vya umma vya Norway vikaanza kuwatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya. Kituo chenyewe hakitozi, lakini ngazi ya kukifikia imetolewa. Wakati huo huo barafu ya Kilimanjaro imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, ile ya Lewis kwenye Mlima Kenya karibu inaisha, na waliotoboa na kupima barafu hizo kwa miaka yote wengi wametoka Ohio, Massachusetts na Innsbruck. Tunao wapagazi na waongoza watalii wanaopanda juu kila wiki wanaijua njia kuliko mtu yeyote, tunao wanafunzi wa jiografia wazuri, kilichokosekana ni mahali pa kujifunza kwa mikono jinsi ya kusimamisha kituo cha hali ya hewa juu ya barafu na kukirudia mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti kwenye bodi ya kituo ningesema bajeti ya usalama na vifaa isiguswe hata mwaka mmoja, siku za mafuta zipunguzwe kwa kuhamishia maandalizi yote kwenye modeli za kompyuta, uwiano wa nusu kwa nusu uandikwe kwenye sheria za kampuni, na viti vichache kila mwaka vitengewe wanafunzi kutoka nchi zenye barafu ya milimani za tropiki, Peru, Bolivia, Uganda, Kenya, Tanzania, vikiwa na nauli na hela ya kujikimu. Ukilinganisha na inayotumika kuuweka mji mzima pale juu, hiyo ni hela ndogo sana.